Besi tatu, priampu mbili na bati za Morogoro

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, na huu ni mwaka wa kumi na mbili niko Maryland, Marekani. Kazi yangu ni uuguzi, zamu za usiku. Jumapili napiga gitaa la besi kwenye ibada ya Kiswahili, na Jumamosi nyingi niko na bendi ya Wakongo, rumba na sebene, harusi kwa ubatizo, leo Baltimore kesho Virginia. Nimekuandikia wewe kwa sababu huku kila ninayemuuliza naye ana besi anataka kuniuzia.

Nina besi tatu. Ya kwanza ni ya Japani, ya miaka ya themanini, umbo la Jazz Bass ya Fender, nyuzi nne, pasivu, haina betri wala mbwembwe. Niliinunua dola 450 kwa mtu aliyekuwa anahama, na rangi yake imechubuka mpaka mbao inaonekana pale unapolala mkono wa kulia. Ya pili nayo ni umbo hilohilo, nyuzi nne, ila imetoka karakana ndogo. Ni nyepesi, imekaa vizuri mwilini, na ina priampu, yaani sakiti ya betri ndani ya besi ya kukuza na kurekebisha sauti, yenye nobu mbili za kuzungusha, ya sauti za chini na ya sauti za juu, zote za kuongeza tu, hakuna kupunguza. Ya tatu ndiyo yenye kesi. Ina nyuzi tano, shingo ya mbao ya wenge, na uso wa mbao yenye mawimbi. Ukiinamisha kwenye taa yanatembea. Priampu yake ina chini, kati na juu, ina kiswichi kidogo cha kuchagua kama hiyo ya kati ishike 400 au 800 Hz, na inakula betri mbili. Majina ya waliozitengeneza nimeyaacha makusudi, sitaki kumharibia mtu kazi kabla sijajua kosa ni la nani.

Kosa lenyewe ni hili. Nyumbani nikivaa hedifoni, hiyo ya tatu inanitoa machozi. Chini nene, juu inang'aa kama sarafu mpya. Nimeilinganisha na zile mbili sijui mara ngapi, asubuhi nikirudi zamu, na kila mara inashinda. Nikiipeleka jukwaani, inapotea. Mzee wetu wa bendi, mtu wa Lubumbashi, alinisogelea katikati ya wimbo akaniambia, "Ndugu yangu, ile besi yako inanguruma tu, haiseme kitu." Jumamosi iliyofuata nikabeba ile ya Japani kwa hasira. Wimbo wa kwanza haujaisha, akaninyanyulia dole gumba.

La pili ni aibu. Mwezi wa kumi tulikuwa na harusi. Maharusi wanaingia ukumbini, sebene limechanganya, akina mama wamesimama na khanga mkononi, besi ikaanza kukwaruza kama redio iliyotoka kwenye stesheni. Nikadhani ni waya. Nikautikisa. Mara kimya kabisa. Betri nilikuwa nimeweka mpya wiki tatu nyuma, zote mbili! Na besi hii siichezei chezei, inakaa kwenye stendi yake sebuleni, waya umeshachomekwa tayari, ili nikipata dakika kumi nisihangaike. Shangazi wa bibi harusi aliniangalia macho ambayo mpaka leo nayaona.

Sasa nimeshauriwa ning'oe hiyo priampu niweke nyingine, dola 350 pamoja na fundi. Mwingine anasema tatizo ni mbao, niuze ninunue ya nne anayoijua yeye. Mimi mwenyewe nimefikiria hata kuileta Dar niiuze huko.

Mjomba, hayo yote ni madogo. Nilipoinunua nilimwambia mama watoto kwamba ni dola 1,200. Ukweli ni 4,600, nayo ilikuwa mtumba. Tunajenga Morogoro, tumefika kwenye kupaua. Wiki iliyopita akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, ile ya 1,200 si uiuze, tuongezee kwenye bati?" Na amenipatia mteja: kijana wa kanisani, anazo 1,200 taslimu, anataka kuja kuichukua mwisho wa mwezi. Kijana mwenyewe anaijua thamani yake, ndiyo maana anamwamkia mke wangu kila Jumapili kama mama mkwe.

Nifanyeje?

Mpiga Besi wa Zamu ya Usiku, Maryland


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka machozi, unisamehe. Nitamrudia huyo kijana na adabu zake. Tuanze na betri, kwa sababu jibu lake umeliandika mwenyewe na hukuliona.

Fungua kifuniko cha nyuma cha hiyo besi utazame pale waya unapochomekwa. Jeki ya gitaa la kawaida ina miguu miwili. Hiyo ya kwako ina mitatu. Mguu wa tatu umeungwa kwenye hasi ya betri, na ukichomeka waya, ile shaba ya plagi inaufunga mzunguko. Maana yake swichi ya kuwasha priampu yako ni waya wenyewe. Besi haijui kama unapiga au umelala. Maadamu waya uko ndani, betri inaliwa.

Priampu nyingi za aina hiyo hula kama miliampu moja. Betri ya volti 9 ya alkalini ina kama miliampu-saa 500. Piga hesabu: saa 500. Wiki tatu sebuleni, waya umechomekwa, ni saa 504. Ndugu yangu, hiyo besi ilikufa kwa ratiba! Na usidhani betri mbili ziliongeza saa. Zimefungwa mfululizo ili kupata volti 18, yaani priampu ipate nafasi ya kupokea pigo zito bila kukwaruza. Umeme unaopita ni uleule katika zote mbili, kwa hiyo hufa pamoja, na mojawapo ikitangulia inaiburuta mwenzake. Ule mkwaruzo ulioudhania ni waya ndiyo ilikuwa taarifa. Betri ya besi haizimiki ghafla kama taa. Inaanza kukwaruza ukipiga kwa nguvu, na mpiga sebene hapigi polepole.

Nunua mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa. Betri mpya husoma zaidi kidogo ya 9. Ikishuka chini ya 8, toa. Halafu tafuta kama besi yako ina swichi ya kupita pembeni ya priampu, kwenda pasivu. Nyingine unavuta nobu ya sauti juu, nyingine kuna kiswichi. Kama ipo, siku ile ungeivuta ukaendelea kupiga, shangazi wa bibi harusi asijue kitu. Kama haipo, basi hilo ndilo jambo la kwanza la maana la kumlipa fundi, kabla ya hizo dola 350 za watu.

Haya, tuje kwenye kunguruma bila kusema. Yule mzee wa Lubumbashi amekupa utambuzi kamili kwa maneno machache, mimi nitajaza namba tu.

Uzi wako wa E ukiupiga wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Ule wa B mnene ni karibu 31. Nobu za chini za priampu nyingi zimewekwa kuzunguka 40 Hz, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde. Priampu ya Aguilar OBP-3, ambayo utaikuta kwenye besi nyingi za karakana, iko hapo. Ya Sadowsky iko hapo pia. Ukiwa na hedifoni nzuri unaisikia hiyo 40 kama blanketi, ndiyo inayokutoa machozi. Ukumbini, spika nyingi za kukodi haziwezi kuitoa hiyo 40 kwa nguvu. Zinapokea kazi, zinahema, zinatoa mtikisiko. Halafu dramu ya kukanyaga kwa mguu inakaa juu kidogo ya hapo, na sakafu ya ukumbi nayo ina sauti yake. Huko chini kumejaa, wewe unaongeza.

Anachofuata msikilizaji ili ajue umepiga noti gani ni ngazi za juu za uzi huohuo: 82, 123, 165, kupanda mpaka mia nne, mia nane. Huko ndiko besi inakosema. Na wewe, nakubashiria bila kuiona, nobu yako ya kati umeirudisha nyuma, ya chini na ya juu umezipeleka mbele. Ndivyo kila mtu hufanya akiwa peke yake chumbani, hata mimi nilifanya. Inasikika ya kitajiri. Sasa weka magitaa matatu ya sebene yanayochemka huko juu, na hi-hati, yale matoazi ya dramu, juu yao. Juu umezibwa, chini umezibwa, katikati umejiondoa mwenyewe.

Ile ya Japani haina nobu ya kukudanganya. Kati yake iko palepale ilipotoka kiwandani, ndiyo maana dole gumba lilipanda.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo fanya hivi na hiyo ya nyuzi tano: rudisha nobu zote pale zinapogota katikati. Kiswichi weka 800. Ongeza ya kati kidogo, robo mzunguko haifiki. Ya chini usiiguse kabisa, na ukishikwa na hamu, ipunguze. Utakapoisikia jukwaani karibu na ampu yako utachukia, utasema sauti imekuwa ya pua, kama mtu mwenye mafua. Vumilia. Ile pua ukiwa mita kumi mbali, ndani ya bendi, ndiyo maneno. Ukumbi ukiwa mdogo na magitaa ni mawili tu, rudi 400, itakuwa nene zaidi bila kuzama.

Sasa kuhusu kulinganisha kwako. Hapa nitakusema kidogo.

Unasema umezilinganisha mara nyingi na kila mara ya tatu imeshinda. Ingeshindwaje? Priampu inaongeza nguvu ya sauti. Sikio la binadamu, ukilipa sauti mbili zinazofanana na moja imezidi kidogo tu kwa ukubwa, litaiita hiyo "nzuri zaidi, ina uhai, ina kina". Halitasema "kubwa zaidi". Wauzaji wanalijua hilo tangu enzi. Nahisi nusu ya dola 4,600 zako zilikwenda kwenye desibeli tatu za ukubwa wa sauti ambazo ungezipata kwa kuzungusha nobu ya ampu.

Ukitaka kulinganisha kweli, kaza roho ufanye hivi. Weka nyuzi za aina moja kwenye besi zote, za siku moja. Najua ni gharama, lakini nyuzi mpya dhidi ya nyuzi za miezi minane zina tofauti kubwa kuliko wenge dhidi ya mbao yoyote utakayonitajia. Waya uwe mmoja, ampu moja, nobu zake usizisogeze. Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu, piga noti moja kwa nguvu zilezile, sawazisha sauti ya kila besi mpaka zisome namba moja. Anza zote zikiwa pasivu, kama zinakubali. Kisha washa priampu, nobu zote katikati, sawazisha tena. Utashangaa hapo, maana nyingine hata zikiwa katikati zinatia rangi yake, na hiyo ndiyo rangi unayolipia, uijue.

Halafu geuka uangalie ukuta. Mwingine apige, au mwingine akuchagulie. Mtoto wako anatosha, mfundishe kupiga uzi mmoja. Ukibashiri mara kumi ukapata sita, hujui kitu, na si aibu.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote: simu irekodi, iwekwe mwisho wa ukumbi juu ya meza ya wazee, nyimbo tatu kila besi. Usisikilize usiku huohuo. Sikiliza baada ya siku mbili, ukiwa unaosha vyombo.

Nikuambie hizi priampu zilitoka wapi, maana ukijua zilikuja kutibu ugonjwa gani utajua kama wewe unaumwa.

Fender alitoa Precision mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960, zote hazina betri. Pikapu (za gitaa, si zile za kubebea mkaa) ndizo zinazonasa mtikisiko wa uzi: nyaya nyembamba zimezungushwa maelfu ya mara, na umeme wake ni dhaifu. Ukiupitisha kwenye waya mrefu, waya wenyewe unakula sauti za juu. Waya wa kawaida hushikilia umeme kidogo njiani, kama pikofaradi 100 kila mita, na nobu ukizigusa zinaongeza udhaifu. Jaribu ile ya Japani na waya wa mita tatu, halafu wa mita tisa, utasikia pazia likishuka. Priampu ndani ya besi inaupa umeme ule mgongo kabla haujaingia kwenye waya. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na kwa macho yangu ndiyo bora kuliko nobu zote. Watengenezaji Alembic wa California, walioanza 1969 wakiwa na bendi ya Grateful Dead, ndio walioifanya iwe sayansi, na mpiga besi Stanley Clarke akaipeleka mbele ya jukwaa. Mwaka 1976 Music Man wakatoa StingRay yenye betri, besi ya kiwandani ambayo mpiga besi wa kawaida aliweza kuinunua. Halafu New York: Roger Sadowsky alifungua karakana 1979, na Jazz Bass ya 1977 ya mpiga besi Marcus Miller ikapita mikononi mwake ikatoka na priampu, besi ngapi duniani sasa zinajaribu kusikika kama ile! Watengenezaji Fodera wakaanza Brooklyn 1983. Hao wote walikuwa wakiwahudumia watu wanaotoka studio kwenda televisheni kwenda klabu ndani ya siku moja, kila mahali waya tofauti na fundi mitambo tofauti. Walihitaji besi inayofika mezani pa fundi ikiwa ileile.

Wewe unapiga kumbi ngapi kwa wiki? Mbili. Si dharau, ni swali la kipimo.

Ndiyo maana nasema usibadilishe priampu. Hujaijua hiyo uliyonayo. Kwanza shusha au pandisha pikapu kwa bisibisi, nusu mzunguko kila mara, hasa upande wa ule uzi wa B. Pikapu ikikaribia mno uzi mnene unameza wenzake, na hiyo nayo ni ngurumo. Kazi ya bure. Ukifika siku ukaamua kuing'oa kweli, usikubali fundi atoboe tundu jipya kwenye uso wa besi hata moja, na vile vilivyotolewa vyote, mpaka skrubu, vitie kwenye mfuko uandike tarehe. Besi ya karakana ikitobolewa inauzwa kwa bei ya tundu.

Kuileta Dar? Achana nayo. Hapa wapigaji wazuri wapo, wa kutoa hela hiyo ni wa kuhesabu, na hao wachache wana ndugu huko huko wa kuwatafutia. Zamani wenzetu waliokuwa wakipiga hoteli za Muscat na Dubai ndio walikuwa duka letu, mtu akimaliza mkataba anashuka na besi begani, kabla ya Idi ameshaiuza. Siku hizi kila mtu ana simu, anaijua bei kabla hujafungua begi. Kuhusu vibali vya mbao, ukisafiri na besi yako usihangaike na wenge, ambayo kwa taarifa yako ilitoka misitu ya Kongo na jirani zake. Mzee wako wa Lubumbashi ana haki ya kuisema. Inayohitaji karatasi kali ni mti wa rosewood wa Brazili. Aina nyingine za rosewood, pamoja na mpingo wetu, na ile bubinga ya Afrika ya Kati, vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2019.

Sasa bati.

Nimesoma barua yako mara tatu. Bei ya besi ya kwanza umeitaja. Bei ya ya tatu umeitaja, zote mbili, ya kweli na ya nyumbani. Ya pili umeipamba, nyepesi, imekaa vizuri, bei yake umeiruka kama dimbwi. Mwanangu, hiyo nayo mama watoto anaijua kwa shilingi ngapi?

Nauliza kwa sababu ndiyo ninayotaka uiuze. Tazama: ya kwanza na ya pili ni umbo moja, nyuzi nne zote. Hiyo ya pili ukiziweka nobu zake mbili kwenye sifuri, unabaki na Jazz Bass yenye mgongo wa umeme. Besi unayo tayari, na mgongo utaupata kwa kununua kiboksi cha priampu cha kukanyaga kwa mguu, mtumba, kikae sakafuni na umeme wake, kimalize na kesi ya betri. Ukipenda, utaipitisha humo na ile ya Japani, kelele za kati zikabaki palepale mzee anapozitaka. Ya nyuzi tano ina kitu wenzake hawana: nyimbo za kanisani za E flati na D unaweza kushuka nazo mpaka chini bila kuruka juu. Usiifukuze kwa kosa la sebule. Ipe miezi mitatu ya nobu za katikati. Ikishindwa hapo, iuze kwa bei yake, si kwa bei ya kijana.

Na ndiyo, itabidi umwambie. Huwezi kukataa kuiuza 1,200 bila kueleza kwa nini, na ukiiuza 1,200 umemdanganya mara ya pili, safari hii kwa hela yake. Usimwambie kanisani, wala usiku ukiwa unakwenda zamu ukamwachia mzigo alale nao. Mwambie bei zote mbili, ya tatu na ya pili, kwa pamoja. Nimeona wanaume wakitubu nusu, ile nusu nyingine ikatoka mwaka unaofuata, hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mkabidhi na listi ya bei za hizo besi zinavyouzwa sasa, zikiwa mtumba, achague mwenyewe ipi inageuka bati. Inawezekana akachagua ya tatu. Ukishamwambia ukweli, kura anayo.

Mimi nilinunua besi Muscat, nikaja nayo nyumbani nikasema ni ya hoteli, nimeazimwa. Ikakaa "ya hoteli" miaka sita. Siku moja kwenye msiba mtu akamsifu mke wangu kwamba mumeo ana besi nzuri, akajibu, "Ndiyo, ya riyali mia tatu na themanini." Risiti ilikuwa kwenye mfuko wa shati wiki ile ile niliyorudi. Aliifua, akaianika, akaiweka. Miaka sita alikuwa akinitazama nikiipangusa besi ya hoteli.

Kwa hiyo usiwe na hakika sana kwamba hajui. Neno "kwa upole kabisa" kwenye barua yako limenitia wasiwasi.

Kijana wa kanisani mpigie leo, mwambie bei si hiyo, na aendelee kumwamkia mama. Halafu kabla hujakunja karatasi hii nenda sebuleni ukachomoe waya.